Mashini ya Radi Nyumbani kwa Maman Nabintu

Mwezi uliopita tulimzika Maman Nabintu huko Mudaka. Nilifika nimechelewa, nikapewa kiti cha plastiki chini ya turubai na sahani ya bugali na maharage, nikajikuta natazama kisogo ninachokifahamu. Mwenye kisogo alipogeuka kuomba pilipili nikaona ni Bisimwa. Amenenepa, amevaa miwani, na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Nani alikuambia kama amekufa?" aliniuliza, kabla hata ya kunijulia hali. Nikamwambia, "Na weye, nani alikuambia?" Tukala. Watu waliokuwa karibu walituona kama jamaa wawili waliopotezana kwa muda mrefu, na ni kweli tulipotezana, ila kwa makusudi. Miaka yote hii mimi naamini Bisimwa ndiye aliyepeleka habari zetu mtaani Bagira, naye anaamini ni mimi. Na aliyelala ndani ya nyumba ile, akisubiri padri amalize sala, ni mwanamke ambaye mimi niliishi chini ya mabati yake mwaka mmoja, na ambaye nusura achomwe moto kwa ajili ya kazi yetu.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata leo nikiitaja watu hunitazama kwa jicho la pembeni. Huko mbali mno kuna nyota kubwa ambazo hufa kwa kishindo, na zinapokufa hutupa mwanga wa gamma, mwanga ambao jicho halioni na ambao hewa yetu huuzuia usifike chini. Kwa hiyo wanaoutafuta wamepeleka darubini angani, zinazunguka dunia bila kulala zikingoja mlipuko utokee upande wowote. Ukitokea, darubini inapima: mwanga ulipanda kwa kasi gani, ulidumu kwa muda gani, ulikuwa na nguvu kiasi gani, ulitoka wapi. Milipuko mirefu haina matata. Mifupi ndiyo inayoleta ugomvi, kwa sababu radi nazo hutoa mmeko wa gamma, mfupi kuliko kupepesa jicho, na ni sehemu chache sana duniani zenye radi kama huku kwetu. Darubini ikipita juu ya Kongo inaweza kushtuliwa na mmeko wa kutoka chini, ikapiga kelele kwamba nyota imekufa, kumbe ni mvua ya huko Shabunda, msituni. Ndiyo maana kundi moja la wataalamu wa Ulaya lilitafuta watu wa kukaa hapa na chombo cha kusikia radi, ili kila darubini inaposhtuka juu yetu sisi tuangalie saa na kusema: hii si nyota, hii ni ya kwetu. Aliyetuajiri, profesa mmoja mfupi asiyecheka, alitufundisha kanuni moja tu, kwamba kila ishara ni mwongo mpaka ionyeshe ukweli wake. Mimi nilizaliwa na moyo wa kushuku. Mwaka ule nikapewa ruhusa ya kuutumia.

Chombo kimoja kilipelekwa upande wa Lwiro, na Bisimwa, tuliyeajiriwa pamoja, ndiye aliyekuwa akienda kukitazama. Cha pili kilihitaji mahali palipoinuka, mbali na kelele za mitambo ya mjini, kwa hiyo tukapanga chumba Bagira kwa Maman Nabintu, mjane aliyekuwa akiishi peke yake na kuku wake. Juu ya mabati tukafunga fremu ya mbao iliyozungushiwa waya wa shaba, kubwa kiasi cha mlango. Waya ukashuka kupitia dirishani hadi chumbani kwangu, mezani, palipokuwa na sanduku la chuma, kompyuta, betri ya gari na kipaza sauti kidogo. Kipaza sauti hicho tulikiacha wazi muda wote. Kikinyamaza, tungejua kuna kitu kimeharibika. Radi iliyopiga mbali ilisikika humo kama mafuta yanayokaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, na iliyopiga karibu kama kuni zinazopasuliwa. Nililala na sauti hiyo, nikaamka nayo, na baada ya wiki chache sikuisikia tena, kama vile mtu asivyosikia pumzi yake mwenyewe. Chumba kilikuwa na kitanda, picha ya Bikira Maria yenye fremu ya bluu, na pazia la kitenge badala ya mlango, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia, na kila kilicholia kwangu kilifika sebuleni. Hilo la pili halikunipitia akilini hata siku moja.

Tulikula pamoja jioni, mimi na Maman, kwenye mkeka wa jikoni. Alikuwa anapika sombe, kisamvu chetu, yenye mawese mengi, na alikuwa na tabia ya kunisogezea samaki bila kusema, kisha kunilaumu kwamba nakula kama ndege. Aliniita "mutoto", hata nilipomweleza kwamba nina shahada. "Shahada iko muzuri, lakini iko na mifupa paka hivi," alisema akinishika mkono, yaani mifupa tu. Hakuniuliza mengi kuhusu sanduku. Siku ya kwanza tu aliuliza, "Iyi kintu inaweza leta radi mu nyumba?" Nikamwambia hapana, mama, inasikia tu. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye mboga zake. Nilidhani hakuniamini. Nami sikuwa na haja ya kuaminiwa. Nilikuwa na haja ya paa.

Kilichoanza kunisumbua ni nguo. Maman Nabintu alianua nguo kabla ya mvua, na simaanishi kabla kidogo, mawingu yanapokusanyika, kama watu wote. Jua likiwa kali, ziwa linameremeta huko chini, majirani wote wameanika muhogo kwenye mikeka, yeye anatoka, anakusanya shuka zake, anafunga kuku, anaingiza unga. Saa chache baadaye mvua inamwagika na avenyu nzima inakimbizana na mihogo. Mara ya kwanza nilisema ni bahati. Mara ya pili nilisema ana goti linalomuuma. Baada ya hapo nikaanza kumchunguza, kimya kimya, kama nilivyofundishwa kuchunguza ishara. Nilirudi saa zisizotarajiwa kutoka mjini, nilikokuwa nikipeleka faili. Nilimtega kwa maneno: "Maman, leo nifue?" Akatazama upande wa chumba changu, akasema, "Leo hapana. Fua kesho." Kesho yake jua likawaka toka asubuhi hadi jioni. Ningeweza kumuuliza tu amejuaje. Lakini mtu anayeshuku haulizi, kwa sababu anayeshukiwa hatajibu ukweli. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona mwerevu sana.

Si mimi peke yangu niliyeona. Asubuhi moja kwenye bomba la maji, nikiwa nyuma ya mama wawili ambao hawakunitambua, nilisikia mmoja akisema, "Ule maman wa kule juu anajuaka mbele. Mbele ya mawingu." Mwenzake akasema, "Tangu ile mashini ifike." Wa kwanza akacheka: "Mashini? Mashini njo inamutii yeye." Niligeuza ndoo yangu, nikaondoka bila maji. Kwa msomaji asiyetoka kwetu niseme waziwazi: huku radi haipigi tu. Radi hutumwa. Ikiua mtu, jambo la kwanza baada ya kilio ni kutafuta aliyeituma, na akishapatikana, hasa akiwa mwanamke mzee asiye na mume wala mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni, ana mambo mawili tu ya kuchagua: kuondoka kabla nyumba haijachomwa au baada. Wengine hawapewi hata hayo mawili. Siku ile nilimwogopea Maman Nabintu. Na nisifiche, nilimwogopa pia yeye mwenyewe kidogo. Nilisomea fizikia, lakini nimelelewa hapahapa, na usiku ule nilifunika kioo changu kwa kitambaa kama alivyokuwa akifanya nyanya yangu ili kisiite radi.

Nilimwambia Bisimwa habari za bomba. Badala ya kushtuka, akanikazia macho. "Nani aliwaambia kama kuko mashini?" Nikamwambia antena ni kubwa kama mlango, ipo juu ya bati, hata kuku wanaiona. "Antena wanaona. Lakini neno ya radi, nani aliwaambia?" Nilijua anakunywa bia kwenye nganda iliyo karibu na kituo cha mabasi, na anapenda kueleza watu kwamba anafanya kazi na darubini za angani. Naye alijua kwamba mimi nasukwa nywele kwa dada mmoja wa avenyu ile, na kwamba nikikaa kusukwa naongea. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya kazi kama watu wawili wanaolinda mfuko mmoja. Alikagua faili zangu, nilikagua zake. Ulaya walitusifu kwa kazi safi.

Siku aliyokufa Maman Furaha ilianza na jua. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa Papa Mushagalusa seremala, mwanamke mcheshi mwenye sauti iliyofika hadi barabarani. Nilikuwa chumbani nikibadilisha betri. Kupitia dirishani nikamsikia Maman Nabintu akimwita juu ya uzio: "Maman Furaha, wacha ile sombe, ingia mu nyumba. Leo itapiga mubaya." Na yule akajibu kwa kicheko, "Na jua hii yote? Unaonea sombe yangu wivu, maman!" Majirani walicheka naye. Alasiri mbingu ikafunga ghafla. Radi ilipiga jiko lake la nje, naye akiwa ndani yake akiepua chungu. Niliona mwanga mweupe kwenye pazia langu, na kipaza sauti kikapasuka kelele moja, kikakatika kidogo, kisha kikarudi kukaanga. Tulipofika tulimkuta ameanguka kando ya mafiga, na mumewe amepiga magoti kwenye matope akimtikisa bega kama anayemwamsha usingizini.

Kesho yake, watu wakiwa wamejaa uani kwa Papa Mushagalusa, wanawake wanalia, Bisimwa alitokea njiani akikimbia. Alikuwa ametoka kwenye saiba, duka la intaneti mjini. Nilimwona kutoka mlangoni na nikataka kumwashiria asimame, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyepata mtoto wa kwanza. "Tumeipata!" akasema, akidhani ananong'ona. "Darubini ilikuwa inapita juu yetu. Iliona mmeko, sekunde ileile! Ulaya wanasema iko safi kuliko yote!" Nilimvuta ndani kwa ukosi wa shati. Ilikuwa kweli, na hadi leo ni kipimo kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutoa: chombo kilichotengenezwa kuona nyota zikifa huko mbali kilikuwa kimeona radi iliyomuua Maman Furaha. Nilifurahi. Niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Moyo uliruka kwa furaha huku kilio kikiendelea nyuma ya ukuta, na furaha hiyo ikanichefua. Nilipochungulia nje, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi ya matanga walikuwa wametugeukia wote.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya misa, uani kwa shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye kofia ya sufu aliyependa amani kuliko ukweli. Maman Nabintu alikaa kwenye kigoda pembeni, rozari mkononi. Alipotaka kusimama, shefu akamwambia kwa heshima, "Kaa kwanza, maman, tutakusikia kisha." Kijana mmoja aliyeitwa Déo, kiongozi wa vijana wa mtaa, akaeleza mashtaka vizuri kama wakili: kwamba alijua mbele, kwamba alimwonya marehemu mbele ya watu ili aonekane hana hatia, kwamba juu ya nyumba yake kuna kitu cha kuvutia radi, na kwamba kesho yake kijana wa mashini alikuja anacheka. Nyuma yake niliona wengine wana galoni ya njano, na haikuwa ya maji. Kisha shefu akamwita Bisimwa. "Bon. Kijana, jibu tu. Mashini yenu iliona ile radi?" Nilimwomba kwa macho. Lakini Bisimwa ni mtu asiyeweza kukana kazi yake. "Iliona, shefu. Iliona muzuri sana. Na satelite kule juu nayo iliona."

Kelele iliyozuka hapo sitaisahau. "Basi mulijua!" "Ya chini inaitika na ya juu!" Mtu alinisukuma, na galoni ikapita mkono kwa mkono kuelekea mbele. Sikuwa na hotuba. Kilichonitoka kinywani ni hasira tu. Nilipiga kelele kwamba wanaohukumu mashini hawajawahi hata kuisikia, kwamba waje waisikie, sasa hivi, yeyote anayetaka, na aanze Papa Mushagalusa mwenyewe. Papa Mushagalusa akasimama, akavaa koti lake. "Twende," akasema.

Waliingia kadiri chumba kilivyoweza kubeba, waliobaki wakajaa sebuleni na dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka, hapakuwa na wingu hata moja juu ya ziwa. Nilipandisha sauti hadi mwisho. Kukaangika kukajaa chumbani, na katikati yake mapigo, moja, kisha mengine, bila kupumzika. Papa Mushagalusa alikaa kitandani kwangu, akainamisha sikio. "Hii iko wapi? Huku jua inawaka." Nikamwambia, "Iko mbali, papa. Pengine Shabunda, pengine mbele ya Shabunda." "Na ile?" "Ile ingine." "Na ile?" "Ingine, papa." Aliendelea kuuliza kila pigo, na mimi nikaendelea kujibu, mpaka mapigo yakamzidi na akaacha kuuliza. Akabaki anasikiliza tu, mikono katikati ya magoti, mikono yenye gundi ya mbao kwenye kucha. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mwishowe akasema, si kwangu, "Yote hii? Nani anaweza tuma yote hii?" Akageuka kwa wenzake mlangoni, akaonyesha galoni ya petroli: "Mumuache huyu maman. Murudishe ile essence." Wakaanza kutoka, wengine wakikwepa kunitazama. Déo alikuwa wa mwisho. Alisimama kidogo mbele ya sanduku, akasikiliza kwa makini ya mwanafunzi mzuri, akasema polepole, "Basi benye kutuma bako bengi."

Nililisimulia hilo pale Mudaka, chini ya turubai, na Bisimwa akacheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, "Lakini tulimuokoa." Alisubiri nikubali, akaona sikubali, akarudi kwenye maharage yake.

Maana asubuhi iliyofuata kikao kile nilimkuta Maman Nabintu jikoni amefunga masufuria ndani ya shuka. Chai ilikuwa tayari, na viazi vitamu vilikuwa kwenye sahani yangu vimefunikwa. Kaka yake alikuwa anakuja kumchukua, aende Mudaka akalime. Nikamwambia hakuna haja tena, mama, imekwisha, wamekuacha. "Wameniacha," akasema, "lakini nitachota maji na nani?" Akaendelea kufunga. Nikakaa kwenye mkeka, chai ikapoa, na ndipo nikamuuliza, kwa sababu sasa hapakuwa na la kutegwa: "Maman, ulikuwa unajuaje kama mvua itakuja?"

Alinitazama kana kwamba ananipima kama ninafanya mzaha. "Kwa mashini yako. Kwani iko na kintu ingine? Weye ukiendaka ku kazi, inabaki inalia mu nyumba yangu. Ikilia kidogo, ninaanika. Ikianza pasukapasuka, ninaanua. Ile siku ya Maman Furaha ilipasuka sijasikiaka hivi, njo nikamuita." Nilikijua chombo kile hadi skrubu ya mwisho, na sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu mwingine mwenye masikio. Nikasema, karibu nikimlaumu, "Na kwa nini hukusema pale? Neno moja tu, maman! Wangekuelewa!"

Akakaza fundo la shuka kwa meno na mkono, akalijaribu kama limeshika. "Walinikalisha," akasema. "Kisha bote bakakuja huku, bakajaza nyumba, bakasikiliza mashini. Nilikuwa paka pale, ku mlango. Mashini walisikiliza. Na weye mutoto, mwaka muzima tunakula mu sahani moja. Uliuliza kuku, uliuliza nguo, uliuliza mawingu. Mimi, uliniuliza siku gani?"